Dozi Moja, Watoto Wawili

Nakumbuka siku ile, mwanangu, na kabla sijasema mengine nitakutajia wote waliokuwamo dukani, maana kila mmoja ana sehemu yake na sitaki kumsahau hata mmoja. Nilikuwepo mimi, Leokadia, nyuma ya kaunta, nimevaa koti jeupe lililonizidi mabega. Alikuwepo Babu Yeremia, mzee wa kikohozi, ameshika chupa yake tupu ya bia. Alikuwepo Mama Adriani wa kule mlimani, amembeba Adriani mgongoni. Alikuwepo Mama Bonifasi kutoka Mbuba, amekaa kwenye benchi, na Bonifasi wake amelala mapajani. Watu sita, wawili kati yao watoto wa miaka minne minne. Aliyekosekana ni Mzee Sylvester mwenye duka, naye ndiye tuliyemhitaji. Alikuwa ameondoka alfajiri na lori kwenda Ngara mjini kutafuta dawa.

Duka lenyewe lilikuwa Rulenge, chumba kimoja chenye rafu tatu kila upande. Ulikuwa mwaka wa vita. Huko juu, upande wa mto Kagera, vijana wetu walikuwa wanapigana, na huku kwetu tulivijua vita kwa kukosa vitu. Malori yalikuwa yamechukuliwa kubeba askari na chakula chao. Boksi la dawa tulilozoea kulipokea kutoka Mwanza halikufika mwezi wa kwanza, halikufika wa pili, na mvua za masika zikaanza, na mbu nao wakaanza.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliacha shule nikiwa darasa la tano, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo zangu wawili, Paskali na Editha. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa duka la kijiji kule Mbuba, na nataka uielewe vizuri kazi ile, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikosee. Ilikuwa kazi ya mgao. Sukari ikija nusu gunia, unaita mabalozi wa nyumba kumi, unapima mbele ya macho yao, na kila nyumba inapata sawa na nyingine, hata kama kila moja inapata kikombe kimoja. Mche wa sabuni niliukata kwa uzi, vipande kumi, na watu walikuwa wanavilinganisha viganjani wasione tofauti. Nilisifiwa sana. Na nyumbani ilikuwa hivyohivyo: kiazi kimoja kikibaki, nilikikata mara tatu, na Paskali alikuwa anapima kwa kidole.

Mzee Sylvester alisikia kwamba kuna binti Mbuba asiyeiba na asiyekosea mizani. Akaniita Rulenge. Nikahama na wadogo zangu, tukapanga chumba, nikaanza kujifunza dawa.

Sitakudanganya kwamba nilielewa. Miezi ile ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyeingizwa katika nyumba ya wengine gizani. Mzee alikuwa amefanya kazi ya kutoa dawa hospitalini miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwake kila kitu kilikuwa na mahali na sababu, lakini sababu hakuzitaja zote. Dawa za kunywa upande wa kulia, za kupaka upande wa kushoto, za matone rafu ya juu. Kabati dogo lenye kufuli lilikuwa la sumu, na ufunguo ulikaa shingoni mwake. Dawa iliyotangulia kufika ndiyo itangulie kutoka. Lebo inaandikwa kabla ya kumimina, si baada ya kumimina. Na chupa unaisoma mara tatu: unapoitoa kwenye rafu, unapoimimina, na unapoirudisha. Nilimuuliza kwa nini mara tatu wakati maandishi hayabadiliki. Akasema, "Maandishi hayabadiliki. Wewe unabadilika." Nikaitikia ndiyo Mzee, lakini sikujua amesema nini.

Cheti ndicho kilichonisumbua zaidi. Cheti ni kile kikaratasi anachoandika daktari ili wewe utoe dawa. Siku ya kwanza nililetewa kimeandikwa 1 × 3, nikafurahi, kwa sababu hesabu nilikuwa naijua. Moja mara tatu ni tatu. Nikahesabu vidonge vitatu, nikavitia kwenye bahasha. Mzee alizirudisha zile dawa kwenye trei bila kelele. "Hapo amesema kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Na siku ngapi?" Nikatazama, nikaona pembeni kuna namba nyingine, tano. Basi vilikuwa vidonge kumi na tano, na mimi nilikuwa nimetoa vitatu na kutabasamu. Jumla ile yote, tangu kidonge cha kwanza mpaka cha mwisho anachohitaji mgonjwa ili apone, ndiyo iliitwa dozi. Niliandika neno hilo kwenye daftari langu. Kuliandika na kulielewa ni vitu viwili.

Halafu kulikuwa na maswali. Mzee alitaka kila anayeingia aulizwe kabla sijagusa kopo lolote. Mgonjwa ni nani? Ana umri gani? Ameanza lini? Anatapika? Amekunywa dawa gani nyingine? Maswali haya yalinishinda, mwanangu, na si kwa ugumu wake. Mimi nimelelewa kwamba mtoto hamwulizi mkubwa habari za tumbo lake. Mama wa watu amesimama mbele yangu, amenizidi umri mara mbili, nimwulize kama amehara? Nilikuwa naona haya. Mzee akiwepo, niliuliza kwa sauti ya chini huku natazama sakafu. Mzee asipokuwepo, niliyaruka.

Sasa turudi siku ile.

Babu Yeremia alianza yeye. Alisukuma chupa yake juu ya kaunta.

"Binti, jaza mpaka shingoni. Usinipimie kama unanyunyizia maua ya padri."

"Babu, dawa ya kikohozi imebaki kidogo. Nitakupa robo chupa."

"Robo! Kifua hiki kina miaka sabini, unakipa robo?" Akageukia benchi. "Mnamwona huyu? Mwembamba mpaka dawa zake nazo zinakonda."

Wale mama walicheka kidogo. Nikampa robo chupa, nikabandika lebo kwa uji wa muhogo, maana gundi nayo ilikuwa imeisha. Hakuondoka. Babu Yeremia hakuwa mtu wa kuondoka.

Mama Adriani akanipa cheti alichotoka nacho hospitali, ambako vidonge vilikuwa vimeisha. Kilikuwa kimeandikwa vizuri: klorokwini ya malaria, mtoto wa miaka minne, kidonge kimoja leo, kimoja kesho, nusu keshokutwa. Nikachukua kopo. Nilipolishika tu nikajua, kwa wepesi wake. Nikalimimina kwenye trei ya kuhesabia. Vikatoka vidonge viwili, na nusu moja, na vumbi.

Viwili na nusu. Hesabu yake ilikuwa imetimia kabisa. Nikaanza kukunja bahasha, na hapo ndipo Mama Bonifasi aliponyanyua kichwa kule kwenye benchi.

"Binti, na mimi nimefuata hiyohiyo. Ni homa. Huko nilikotoka sikumkuta mganga wa zahanati, nikaona nije moja kwa moja kwako. Nimetembea tangu jana."

Nikamtazama. Nilikuwa namfahamu kwa sura. Alikuwa mmoja wa wale niliokuwa nawakatia sabuni Mbuba.

"Mama, zimebaki hizi tu."

Mama Adriani alikuwa amenyoosha mkono wa kupokea, na mkono ukabaki hewani. Mimi nilikuwa katikati na kisu cha kuhesabia vidonge mkononi.

"Zigawe," akasema Babu Yeremia. "Kuna ugumu gani? Sukari tunagawana. Sabuni tunagawana. Mmoja apate zote na mwenzake atazame tu, huo utakuwa Ujamaa wa namna gani?"

"Mpe naye," akasema Mama Adriani taratibu. "Siwezi kupanda mlima na dawa yote huku mtoto wa mwenzangu amelala hivi."

"Zitatosha lakini, binti?" akauliza Mama Bonifasi.

Hapo, mwanangu, ndipo nilipotakiwa kusema sijui. Ni neno fupi. Lakini nilikuwa nimevaa koti jeupe, na wakubwa watatu walikuwa wananitazama, na kazi ya kugawa ndiyo pekee niliyoijua duniani. Nikasema, "Zitatosha, ila mtawapa kidogokidogo."

Nikakata. Vidonge viwili vikawa vipande vinane, ile nusu ikawa viwili, jumla kumi. Vitano huku, vitano kule. Nilivilinganisha kwa jicho, nikabadilisha kimoja kilichokuwa kikubwa kidogo. Kwenye kila bahasha nikachora jua linalozama, nikawaambia, "Mumwanzishie jioni akishakula, hii dawa ni chungu, haitaki njaa." Wakanishukuru. Mama Bonifasi akaifunga bahasha kwenye pindo la kanga. Babu Yeremia akanisifu mpaka mlangoni. Nami nikabaki nafuta kaunta, nimejaa furaha. Nilidhani nimefanya jambo ambalo hata Mzee Sylvester angetaka kulifanya.

Alirudi alasiri, na lori lilelile, mikono mitupu, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wamesema wiki ijayo, labda." Akavua kofia. Akachukua lile kopo, akalitikisa, halikutoa sauti. "Humu niliacha dozi moja. Umempa nani?"

"Nimewapa wawili, Mzee. Nimewagawia sawasawa, hata punje haikuzidi."

Alikaa kwenye benchi, palepale alipokuwa amekaa Mama Bonifasi. Nilisubiri sifa. Akasugua magoti.

"Leokadia. Asubuhi kulikuwa na mtoto mmoja ambaye angetibiwa. Sasa niambie ni yupi."

"Wote, Mzee. Kila mmoja amepata nusu."

"Nusu ya dozi haitibu nusu ya homa. Itamshusha mtoto joto usiku mmoja, mama yake ataacha kuhangaika, halafu homa itarudi, na kopo halina kitu. Hapa si duka la sukari, mwanangu. Mtu akikosa nusu ya sukari atakunywa chai isiyokolea."

Nilimsikia, lakini kichwa changu kilikataa. Nilijiuliza: kwa hiyo nilitakiwa kumnyima mmoja? Nimtazame usoni nimwambie hakuna, huku ziko kwenye trei mbele yake? Nilikuwa nimefundishwa maisha yangu yote kwamba huo ndio ubaya wenyewe. Nikasema, "Mzee, ningechaguaje?"

"Usingechagua. Ungeuliza. Cheti cha yule wa pili kinasemaje?"

"Hana cheti."

"Ulimuuliza maswali?"

Nikatazama sakafu.

"Anatapika?"

Nikakumbuka kanga ya Mama Bonifasi, namna ilivyokuwa imelowa begani, na mimi nilidhani ni mvua, na asubuhi ile mvua haikunyesha. "Nadhani anatapika, Mzee."

"Alikuwa anatazama watu? Alikuwa analia?"

"Alikuwa amelala."

"Amelala, au hajitambui?"

"Sijui, Mzee."

Akainuka haraka kuliko nilivyopata kumwona. "Huyo hakuwa mgonjwa wa vidonge. Mtoto wa hivyo anataka sindano, hospitali, tangu asubuhi. Ungemwonyesha njia tu, ni mwendo wa dakika kumi. Umewaambia waanze saa ngapi?"

"Jioni, wakishakula."

"Basi kimbia. Yule apelekwe hospitali sasa hivi, na vipande vyake uvichukue uvipeleke kwa mwenye cheti kabla hajalala. Vinne leo, vinne kesho, viwili keshokutwa. Nenda."

Mama Bonifasi alikuwa amefikia kwa dada yake, nyuma ya mashine ya kusaga. Nilimkuta anakoroga uji ili mtoto ale kisha anywe dawa, kama nilivyomwelekeza. Bonifasi alikuwa kwenye mkeka. Nilimgusa mguu, ukanichoma.

"Mama, Mzee amerudi. Amesema mtoto apelekwe hospitali sasa hivi. Na ile bahasha... naiomba."

Dada yake alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Unaiomba? Asubuhi umempa kwa mkono wako, jioni umekuja kumnyang'anya? Ndivyo wanavyowafundisha kwenye hayo makoti?"

"Nilikosea, mama."

"Ulikosea kumpa, au unakosea kumnyang'anya?"

Hata leo, miaka yote hii, ukiniuliza swali lile sina uhakika kama nina jibu.

Mama Bonifasi hakupiga kelele. Alinitazama tu. "Ni ya yule mwenzangu?"

"Ndiyo."

"Na huyu wangu akiinywa?"

"Haitakaa tumboni, mama. Mzee amesema anataka sindano."

"Asubuhi ulilijua hilo?"

"Sikulijua."

Akafungua pindo la kanga. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Akanipa bahasha. "Kama itamfaa mtu, ichukue. Lakini nisindikize kwanza. Mimi ni mgeni hapa, siujui mlango, na dada hawezi kuwaacha watoto wake."

Jua lilikuwa limeshuka, na mlimani kwa Mama Adriani ni mwendo wa saa nzima. Nikamsindikiza. Nilibeba sufuria na nguo, yeye akambeba mtoto, tukaenda karibu tukikimbia. Nikamwacha mikononi mwa wauguzi, nikageuka, nikapanda mlima.

Nilifika Mama Adriani akiwa amemkalisha mtoto, kipande kimoja cha dawa kiko tayari kwenye kijiko cha maji. Nilikuwa sina pumzi. Nikamwekea ile bahasha ya pili mkononi, nikamweleza: vinne leo, vinne kesho, viwili keshokutwa.

"Zimetoka wapi?" akauliza. "Si zilikuwa zimeisha?"

Na mimi nikasema, "Mzee Sylvester amepata nyingine."

Sikuipanga kauli ile. Ilitoka. Niliona aibu kusema kwamba asubuhi sikujua kazi yangu. Niliogopa habari isije ikasambaa nikafukuzwa, maana koti lile ndilo lililokuwa linawalisha Paskali na Editha. Na nilikuwa nimechoka. Hizo ni sababu, na zote ni za kweli, na hazitoshi. Mama Adriani akapiga magoti pale mlangoni kunishukuru, mimi niliye sawa na mwanawe.

Adriani alipona. Siku ya nne alikuwa anafukuza kuku.

Bonifasi alifariki siku ya tatu.

Tulikwenda Mbuba mazishini, mimi na Mzee. Njiani nilimwuliza lile lililonikaa kifuani. "Mzee, kama ningemwelekeza hospitali ile asubuhi, angepona?"

"Sijui."

"Lakini wewe umesoma."

"Nimesoma, na sijui. Huenda angepona. Huenda homa ilikuwa imeshapanda kichwani kabla hawajafika Rulenge. Hutajua, Leokadia, na mimi sitakudanganya ili ulale vizuri." Halafu akasema, "Keshokutwa saa mbili uwe dukani."

"Hunifukuzi?"

"Nikufukuze nimlete nani? Mtu ambaye bado hajui kwamba haya yanaweza kutokea?"

Baada ya kuzika, Mama Bonifasi alinivuta kando ya nyumba, palipokuwa na migomba. Nilijiandaa kutukanwa, na nilitaka anitukane. Badala yake aliuliza, "Yule mwenzangu. Mtoto wake anaendeleaje?"

"Amepona, mama. Anacheza."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole. "Basi umwambie. Umwambie nusu ile ilikuwa ya Bonifasi. Mtoto akikua ajue kuna mwenzake aliyempa. Sitaki kingine kwako."

"Nitamwambia," nikasema.

Mwanangu, umeniambia umepata kazi kwenye duka la dawa na kwamba unayachanganya majina, na unaona haya kuuliza mbele za watu. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Kuchanganyikiwa si dhambi. Mimi nilichanganyikiwa mwaka mzima, na bado yapo mambo ya kazi ile yanayonichanganya. Dhambi ni kuchanganyikiwa halafu ukasema "zitatosha". Usipojua, sema sijui, hata kama umevaa koti jeupe, hata kama wanaokutazama ni wakubwa wako. Uliza maswali yote, na umtazame mtu usoni unapomwuliza. Aibu utakayoona itapita kabla ya chakula cha mchana. Mtoto asiyelia kwenye benchi mwangalie kwanza kuliko anayelia. Dozi ni kitu kizima; ukiwa nayo moja, ni ya mtu mmoja, na mwenzake mpe ukweli na umwonyeshe njia ya kwenda, tena umsindikize ukiweza. Na ukikosea, nenda ukarekebishe siku hiyohiyo, useme umekosea nini. Mimi nilifanya la kwanza nikaacha la pili.

Wala usidhani nakuambia kugawana ni kubaya. Tusingegawana, mimi na wadogo zangu tusingefika hapa. Nakuambia tu kwamba vipo vitu vinavyokatika na vipo vitu ambavyo ukivikata havipo tena, na kuvitofautisha ndiyo kazi yako mpya. Mimi mwenyewe sikuwa hodari wa kuvitofautisha.

Mungu aliyenipa miaka ya kutosha kulisimulia hili akupe mikono mitulivu na macho yasiyochoka kusoma. Akupe mkubwa mkali kama Mzee Sylvester, na akupe moyo wa kumsikia. Wagonjwa wako warudi kukusalimia wakiwa wazima. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, asikuache ujifiche.

Mimi nilijificha. Mwaka wa kwanza nilisema nitamwambia Mama Adriani boksi la dawa likifika. Boksi lilifika. Nikasema nitamwambia vita vikiisha. Viliisha. Yeye alikuwa ananiletea mkungu wa ndizi kila mavuno, akinitambulisha kwa watu kuwa mimi ndiye niliyemwokolea mwanawe, na kila mkungu ulizidi kuufanya mdomo wangu mzito. Alifariki sijasema. Mama Bonifasi alihamia upande wa Biharamulo na mumewe, na sikumwona tena. Naamini aliondoka akidhani nimetimiza.

Amebaki Adriani. Yuko Lusahunga, anaziba mipira ya malori yanayokwenda Rusumo, ana watoto na sasa ana mjukuu. Juzi alipita hapa na lori la rafiki yake, akaingia, akasema, "Shikamoo, Mama Leokadia," akakaa kwenye kiti kilekile unachokalia wewe ukija. Nikampa chai. Nikasema, "Adriani, kuna jambo la mama yako nilitaka kukuambia." Akaweka kikombe chini, akanisikiliza. Nje dereva akapiga honi. Mimi nikasema, "Nenda, mwanangu, usimcheleweshe mwenzako. Ni habari ndefu."

Akaniambia atarudi baada ya mavuno. Ndizi zimeshaanza kukomaa.